Nazi moja, mtu mmoja

Msomaji wangu wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi, nami nimemfupisha kidogo tu:

"Assalamu alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 51. Maisha yangu yote ya ndoa nimepikia watu wanane, mimi mwenyewe nikiwemo. Sasa mabinti wawili wameolewa, watoto watatu wako Unguja kwa masomo na kazi, mama mkwe wangu ametangulia mbele ya haki, na mume wangu ni mvuvi, msimu huu yuko dago, kambi ya wavuvi. Ikifika jioni naingia jikoni, nasimama, natoka. Sijui nipike nini. Nikipika kama nilivyozoea, chakula kinabaki na kumwagwa. Nikipika kidogo hakiwi kitamu. Mwisho ni chai ya rangi na boflo, nalala, halafu saa nane za usiku naamka kwa njaa. Friji ninayo, ndogo. Nifanye nini? Na tui la kopo je, linafaa?"

Waalaykum salaam, na marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu jikoni kwako napajua. Nilipofiwa na mume wangu nilikaa karibu mwaka mzima nikitoa sufuria ile ile kubwa kila jioni, naitazama, nairudisha kabatini. Na mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha upishi wasichana wa skuli. Kwa hiyo usidhani umesahau kupika. Ulichonacho ni jiko lililopimwa kwa watu wanane, na hujaonyeshwa bado namna ya kulipima upya.

Anza kutazama unavyonunua. Nazi inauzwa nzima. Vibua vinauzwa kwa fungu, muhogo kwa fungu, hata mchicha ni fungu. Hakuna muuzaji wa Wete atakayekukatia robo ya nazi. Basi ukisimama jikoni baada ya Magharibi ukajiuliza "nipike nini leo", huwezi kupata jibu, maana ulichokishika mkononi ni cha siku tatu na wewe unakitafutia kazi ya usiku mmoja. Ukipika chote unamwaga. Ukiacha kukipika unahisi umeharibu. Ndipo unapokimbilia boflo, kwani boflo halikuulizi maswali.

Kwa hiyo mimi nakushauri uache kuuliza cha leo, uulize: nazi hii nitaimaliza vipi? Sisi watu wa visiwani kitoweo chetu kikubwa kinapita kwenye tui. Ukiipangia nazi, vingine vyote vinajipanga nyuma yake.

Fanya hivi. Siku utakayovunja nazi, ikune yote siku hiyo hiyo. Usiache nusu ndani ya kifuu ukasema kesho, kwani kwa joto letu kesho yake utaikuta ina utelezi na harufu. Nazi ya kiasi ikikunwa hutoa kama vikombe vitatu. Kikombe kimoja ni cha usiku huo. Viwili vilivyobaki tia kila kimoja kwenye kibakuli chake chenye mfuniko, uweke kwenye kile kijisanduku cha barafu cha friji yako. Usikamue kwanza ukahifadhi tui, hifadhi nazi iliyokunwa. Tui linachacha upesi, na likiganda kisha likayeyuka hujigawa, mafuta upande mmoja na maji upande mwingine.

Siku ya kuitumia, usiikamue ikiwa ya baridi. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na nazi iliyotoka kwenye barafu imebana mafuta yake yote ndani. Ukiimwagia maji ya bomba utapata maji meupe, na utasema nazi imeharibika. Iache ilainike, kisha tia nusu kikombe cha maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, fikicha kwa vidole mpaka uhisi mafuta yanateleza, ndipo ukamue. Hilo ndilo tui lako zito. Machicha yale yale tia tena kikombe kimoja cha maji, kamua, upate tui jepesi. Machicha wape kuku, au wa jirani kama wewe huna.

Sasa nije kwenye lile uliloniambia kwamba ukipika kidogo hakiwi kitamu. Hapo umesema kweli, na sababu yake ipo. Maji yanayopotea kwa mvuke hayajali umepika wali wa watu wangapi. Yanafuata upana wa sufuria na muda wa kukaa motoni. Vikombe vinne vya mchele vinaiva kwa vikombe sita vya maji. Ukigawanya kwa nane, nusu kikombe cha mchele ungekipa robo tatu ya kikombe cha maji, na hapo ndipo unapoungua: chini ukoko, juu kiini. Nusu kikombe cha mchele kinataka kikombe kizima cha maji au tui jepesi, sufuria ndogo, mfuniko unaokaa sawasawa, na moto mdogo. Nunua sufuria ndogo, ambayo ukiitia kiganja ndani kimetosha. Bila hiyo, yote ninayokuandikia hapa yatakushinda. Ile kubwa iweke juu kabisa, wala usiione mpaka wenyewe warudi.

Na tui nalo lina tabia hiyo hiyo. Kwenye chungu cha watu wanane tui linapata moto taratibu, unakwenda kufunga kuku na kurudi halijachemka. Kwenye kisufuria chako linafika moto kabla hujageuka, na linakatika. Linakatika kwa sababu ndani ya tui mna utomvu wa protini unaoshikilia mafuta yasijitenge. Moto mkali unaugandisha, ukali wa ndimu au tungule (nyanya) unaugandisha zaidi, na mafuta yanabaki peke yake juu. Si sumu, lakini mchuzi huo hauna raha.

Tuupike pamoja usiku wa kwanza, kipande kimoja cha samaki. Nguru, au changu mmoja mdogo wa gramu 200 hivi. Msugue chumvi, thomu iliyopondwa na ndimu kidogo, mchome juu ya seredani au mkaange kidogo tu ili ashikane. Kwenye kisufuria tia tui jepesi, nusu kitunguu maji kilichokatwa vyembamba, tungule moja, robo kijiko cha bizari ya mchuzi, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Chemsha dakika kumi mpaka tungule ivunjike. Ukali wake umeshakwisha kazi ndani ya tui jepesi, ambalo mafuta yake ni machache na halina cha kukatika. Hapo punguza moto kabisa, tia samaki, kisha mimina tui zito huku unapiga upawa, unachota na kurudisha, unachota na kurudisha. Likianza kutoa povu dogo pembeni hesabu dakika mbili, epua. Ndimu ya mwisho kamulia mchuzi ukiwa umeshatoka motoni.

Kula na hilo boflo lako. Nalisema makusudi, kwa sababu naona unajiona mvivu kwa kula mkate usiku. Majumba mengi ya kwetu wali ni wa mchana, na usiku ni mkate, chapati, mihogo au ndizi. Boflo halina kosa. Kosa ni boflo na chai ya sukari peke yake, wanga juu ya wanga, kisha unashangaa saa nane umeamka. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 50 kwa siku. Kipande chako cha gramu 100 za samaki kina karibu gramu 20, yai moja lina gramu 6, na boflo na chai havikufikishi popote. Kwa umri wetu, mama wa miaka 50 kwenda juu, nyama ya mwili inapungua usipoilisha, na anayefunga Jumatatu na Alhamisi ndiye anayehisi kwanza.

Usiku wa pili, kikombe cha pili cha nazi, muhogo. Kata mmoja wa kukutosha, menya, toa ule uzi wa katikati, chemsha kwa maji na chumvi mpaka uive, maji hayo mwaga. Usiyatumie kwa mchuzi, kwani muhogo una sumu yake ya asili inayotoka pamoja na maji. Ukionja ukawa mchungu, uache wote. Ndipo utie tui jepesi, uuchemshe, na tui zito mwisho kama jana. Mihogo iliyobaki kwenye fungu usiiache sakafuni. Muhogo ukishachimbwa una siku mbili tatu tu kabla ya kupiga mistari ya buluu na nyeusi ndani. Umenye, ukate vipande, uzamishe kwenye bakuli la maji ndani ya friji, na maji ubadilishe kila siku.

Usiku wa tatu choroko. Nusu kikombe, hazihitaji kulowekwa, dakika arubaini zimelainika, halafu kitunguu, thomu na tui. Mbaazi ni tamu zaidi, nakubali, lakini mbaazi za mtu mmoja ni kuchoma mkaa bure. Mbaazi na kisamvu pika siku ukiwa na nafasi, pika vingi bila tui, gawa kwenye vibakuli, gandisha. Siku ya kula ndiyo unatia tui.

Samaki ndiye ninayetaka nikae naye kidogo, kwa sababu hapo mtu anaweza kuumia. Wewe ni mke wa mvuvi, kunusa samaki sikufundishi. Lakini vibua na jodari wana jambo ambalo pua haiwezi kulijua. Wakikaa kwenye joto saa kadhaa, nyama yao hutengeneza kitu kinachoitwa histamini, na kikishatengenezwa hakiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa barafu. Mtu anakula samaki ambaye hajanuka, na ndani ya nusu saa uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Watu husema kapata uchungu wa samaki au kaingiwa na jicho. Ukinunua fungu la vibua asubuhi kwa nia ya kula mmoja usiku, basi watengeneze wote papo hapo, watie chumvi na ndimu, wakaange wote asubuhi ile ile, wakipoa wapeleke kwenye friji. Wa kwanza utamla usiku huo mkavu na kachumbari, wa pili kesho ndiye anayeingia kwenye ule muhogo. Na ukimkosa samaki mbichi, ng'onda mmoja, samaki mkavu wa chumvi, anakaa kabatini miezi. Mloweke, mwage maji ya chumvi, mrarue vipande juu ya muhogo wa nazi, na sijui chakula cha kukishinda.

Mwezi nao utakusaidia kuamua, ingawa tumeacha kuutazama. Usiku wa giza wavuvi wa taa wanatoka, dagaa na vibua vinashuka bei. Mbalamwezi ikiwa kubwa havipatikani, na kama vipo ni vya jana. Likifika bamvua maji yanakupwa mbali, kina mama wanashuka pwani, na pweza wapo. Pweza wa mtu mmoja mtafute mdogo, na akumbuke mwenye kununua kwamba akichemshwa hunywea mpaka karibu nusu yake. Mgandishe usiku mmoja kabla ya kumpika. Barafu inamlainisha kama vile ulivyokuwa ukimpiga kwenye jiwe, na majirani hawasikii kishindo.

Wali wa mwiku, yaani uliolala. Najua tumekulia kwenye wali wa mwiku na chai asubuhi. Ila nyumba ya watu wanane mwiku ulikuwa tonge mbili tatu, zimelala saa chache, zimeliwa. Peke yako utajikuta na sufuria nusu imekaa mezani toka mchana, usiku, mpaka asubuhi. Ndani ya mchele mna vijidudu, Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto la chumba zinaamka, zinatoa sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha wali mpaka uungue haiondoki. Wali wa nazi ndio unaochacha mapema zaidi. Kwa hiyo ama upike nusu kikombe uumalize, ama uliobaki uutandaze kwenye sahani upoe upesi, na kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive uwe ndani ya friji, uliwe kesho, usipite kesho. Umeme wa Pemba tunaupata kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na unapokatika friji iliyofungwa bila kufunguliwafunguliwa hushika baridi kama saa nne. Ikizidi hapo, wali, samaki na tui uvitoe. Inauma kumwaga, najua.

Sasa, kuamua wakati gani? Usiamue jioni. Jioni umechoka, nyumba imenyamaza, na kila ukifikiria chakula unafikiria na waliokuwa wakikila. Amua asubuhi ukirudi sokoni au ukimaliza kufagia, na kabla ya Alasiri uwe umefanya tendo moja la kukufunga: nazi imekunwa, au choroko zimechambuliwa, au samaki kashatiwa chumvi. Mimi nilikuwa naacha kitunguu kimoja kilichomenywa juu ya kibao, nimekifunika kwa kikombe. Nikiingia jikoni Magharibi nakikuta kinaningoja, mkono unakwenda wenyewe kwenye kisu.

Kuna usiku hutaki moto kabisa. Usiku huo chemsha mayai mawili mapema, yakate juu ya tungule na kitunguu, tia ndimu, kula na mkate. Au toka mpaka kwa wauzaji wa jioni, nunua kipande cha pweza na muhogo wa kuchoma, urudi nao. Hakuna aibu ndani yake.

Na jirani usimsahau. Zamani sahani ilikuwa ikitoka kwako Ramadhani tu kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Sasa una nafasi ya kuitoa siku yoyote. Siku ukipata fungu zuri, pika la watu watatu, peleka sahani moja kwa yule bibi au yule kijana anayekaa peke yake, maana wapo wengi, wanafunzi na walimu waliopangiwa kazi mbali na kwao. Sahani kwetu hairudi tupu. Kesho au keshokutwa itarudi na mkate wa kumimina au majimbi, na siku hiyo hukupika wewe. Mimi na jirani yangu wa mlango wa pili tumefanya hivyo kwa miaka sasa, Jumanne kwangu, Ijumaa kwake, na tulianza kwa bakuli la mchuzi wa biringani ambao nilikuwa niumwage.

Hukuniambia kama hamu ya kula unayo. Kusimama jikoni bila kujua cha kupika ni kitu kimoja, na chakula kukosa ladha mdomoni wiki kwa wiki huku nguo zinakulegea ni kitu kingine. Ikiwa ni hicho cha pili, nenda hospitali wakupime, usingoje dago limalizike. Ikiwa hamu ipo na unakosa tu wa kukaa naye, usile umesimama juu ya sufuria. Tandika mkeka wako, pakua kwenye sahani nzima, nawa mikono, sema Bismillahi kwa sauti. Mimi huwapigia simu wanangu wakati huo, naweka simu pembeni, kila mmoja anakula kwake.

Tui la kopo linafaa, nawe usiogope maneno ya watu. Kwa mtu mmoja ni akiba nzuri kabatini, khasa siku ya mvua. Kwanza soma pembeni, chagua lenye nazi na maji, lisilotiwa sukari. Ni zito, kwa hiyo sehemu moja lipunguze kwa maji kama hiyo, hapo utapata jepesi la kuchemshia, na lililobaki zito utie mwisho. Kopo likishafunguliwa usiliweke lenyewe ndani ya friji. Hamishia tui kwenye gilasi au bakuli lenye mfuniko, na lisizidi siku tatu.